Kishada

Chuo cha jirani kilikuwa kimemnyang'anya kocha Mbaruku wachezaji wanne msimu huo. Wa mwisho alikuwa Hamadi, ambaye Mbaruku alimwita Kishada kwa wepesi wake. Jezi yake namba kumi haikupewa mtu.

Vyuo hivyo vilipokutana, watazamaji walivipima vikosi kwa macho wakacheka. "Kocha, leo mtaokota mipira wavuni mpaka mchoke!"

Mbaruku aliwapa kisogo. Lakini Hamadi alipowapita mabeki wawili wa Mbaruku akabaki na kipa, kocha alijisahau, akainua mkono kama zamani.

"Kishada, tulia!"

Hamadi, ndani ya jezi ya wapinzani, akatulia. Aliukanyaga mpira, akageuka kuitafuta ile sauti.

"Piga!" uwanja mzima ukamlilia. "Piga!"

Mkono wa Mbaruku ulikuwa bado juu.