Nyumba Iliyonyamaza

Mkwe alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, akigundisha vipande vya kandambili kuukuu kwenye miguu ya viti, baba mkwe wake aliposema kwamba bado bawaba za mlango wa chumba chake.

"Zinalia kama zimefiwa, mwanangu."

Akainuka, akachukua mafuta ya cherehani, akazipaka. Angefanyaje? Mzee Breki, kama walivyomwita tangu enzi zake za udereva wa basi, alikuwa amekaa miaka miwili akiitikia salamu kwa kukisia, mpaka siku lori lilipompigia honi mara nne barabarani naye asigeuke. Hapo mwanawe akamnyang'anya funguo za gari. Mzee, aliyeendesha miaka thelathini bila kugonga hata kuku, alinuna mwezi mzima.

Sasa alikuwa na vifaa vya kusikia, kimoja kila sikio. Mtaalamu aliwaonya kwamba mwanzoni kila kishindo cha nyumbani kitamchoma. Wasipopunguza kelele, atavivua avitupe kwenye droo, warudi kule kule. Mkwe hakutaka kurudi kule. Alimpenda sana yule mzee, na utani wake ulikuwa ndio kwanza umeanza kurejea.

Basi wakapunguza. Vijiko vya chuma vikapisha vya mbao. Sinki likatandikwa taulo. Kigae kilicholegea kwenye korido kikabandikwa upya. Mbwa, maskini, akapelekwa kwa shemeji. Funguo zilizoning'inia sebuleni nazo zilimtwanga kichwani kila upepo ukipita, kwa hiyo zikashonewa kifuko cha kitambaa. Gari likiwashwa karibu na dirisha lake lilimtoa machozi, ikabidi liwe linaegeshwa nje ya geti, pale kwenye mteremko. Geti lenyewe likapakwa grisi mpaka likawa linafunguka kwa kidole kimoja.

Mume wa mkwe alianza kunung'unika. Mwenye masikio mabovu ni mmoja, alisema, lakini wanaonyata ni nyumba nzima. Mkewe akamwambia avumilie tu, kwani haoni Baba ameacha hata kulitaja gari? Ni kweli, alikuwa ameacha. Siku hizi alitulia kama maji mtungini.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Mzee alitega masikio, kisha akatabasamu.

"Sasa ndiyo nyumba. Mmechoka, wanangu. Kapumzikeni."

Mkwe alilala fofofo. Hakuna mlango uliolia, hakuna kigae kilichogonga. Alipoamka saa kumi alikwenda kumchungulia Mzee akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Vile viatu vyeusi vya kazini, vilivyokaa uvunguni tangu alipostaafu, havikuwepo. Vifaa vya kusikia navyo havikuwa kwenye kisanduku chake, na hilo lilimfariji kidogo.

Akapita sebuleni. Kifuko cha kitambaa kilikuwa pale pale kwenye msumari, bapa kabisa.

Akamwita mumewe kwa kunong'ona, kwa mazoea tu. Wakasimama wote wawili mlangoni, wakitazama geti lililo wazi.

Kutoka mbali, kule barabara kubwa, honi ikalia mara nne, ndefu na ya raha, sauti pekee ambayo Mzee Breki hakuwahi kuilalamikia.