Misalaba kwenye Mbaazi

Nondo wale walikuwa wembamba kama vijiti vya nyasi kavu. Kila walipotua kwenye maua ya mbaazi walinyoosha mabawa pande mbili, wakawa misalaba midogo ya kahawia. Ndiyo maana Tulia alikataa shamba lake lipulizwe dawa.

"Mdudu ni mdudu tu, mwanangu," mama yake alimwonya.

"Mama, hii ni alama ya baraka."

Asubuhi moja wanawake wa kanisani walifika kijijini kwake Lufingo, wakasali shambani. Kila mmoja akaomba tawi lenye nondo akaliweke kwenye mbaazi zake. Tulia aliwakatia kwa furaha.

Walipoondoka alichuma mbaazi za mchana. Ganda la kwanza lilikuwa na tundu dogo. Akalipasua.

Ndani hamkuwa na punje. Mlikuwa na kinyesi cheusi na kiwavi wa kijani mwenye vinyweleo, anatafuna taratibu, wala hakushtuka.

Akapasua jingine. Na jingine.

Akatupa ungo, akakimbilia njiani. Ukungu ulishawameza wenzake. Wimbo wao tu ndio uliosikika, ukigawanyika njia panda kuelekea kila shamba.