Pua ya Anezina

“Ipunguze pua,” Kalomira alisema.

Mchoraji Vrahnis alishusha brashi. Alikuwa amesomea kazi yake Munich, magazeti ya Athene yalimsifu kwamba mkono wake haujui kusema uongo, na sasa alikuwa jikoni kwa mjane mmoja wa kisiwa cha Andros, akichora kwa malipo ya jibini.

“Ndiyo pua yake, bibi.”

“Yake naijua, mimi ndiye niliyemzaa. Wewe nichoree ya kuolewa nayo.”

Anezina, mwenye pua yenyewe, alicheka pale kitini alipoketishwa. “Nikiingia na sinia ataona pua mbili, mama. Ya ukutani na yangu.”

“Utainamisha kichwa. Watu wataiita haya.”

Kalomira hakuwa akitania. Msichana asiye na mali ya kwenda nayo kwa mume hana budi awe na sura, na Anezina hakuwa na hiki wala kile. Wachumba walikuja, wakaramba matunda ya sukari, wakanywa kahawa, kisha wakakumbuka kwamba wana shughuli mjini. Aliyebaki ni Stamelos wa kisiwa cha Siros, tajiri mwenye kiwanda cha sabuni, na baada yake hapakuwa na mwingine ila nyumba ya watawa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha Kalomira kilipakwa rangi.

Pua ikapunguzwa. Mchoraji alinuna, akajifariji kwa kuijaza nafasi iliyokuwa nyuma ya msichana pichani. Nje ya dirisha kulikuwa na mawe na mbuzi mmoja aliyekonda. Yeye akatia shamba la mizeituni lililoteremka hadi baharini, shina baada ya shina. Kalomira alinung'unika tu kwamba rangi inakwisha na mashavu bado hayajaiva.

Jumapili Stamelos alifika, akaiona picha ukutani, akasahau hata kuamkia.

“Kazi ya Vrahnis hii?”

Mchoraji, aliyeombwa awepo ili jina lake liongeze uzito, aliinama kidogo pale kwenye kona.

“Nimeziona kazi zake Athene,” Stamelos akamwambia mwenyeji wake. “Alimchora mjomba wangu pamoja na uvimbe wake wa shingo, hakuuacha hata kidogo. Huyu akichora kiroboto, mama, jikune.”

Kalomira alimtazama mchoraji, mchoraji akaitazama dari.

Stamelos alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa picha. Kidole chake kilipita kando ya sikio la msichana, kikashuka begani taratibu, kikapanda upande wa pili, na midomo ikamcheza kama anayesali. Kalomira alikuwa hajapata kuona mwanamume akimtazama binti yake hivyo. Akatema mate makavu mara tatu, mwanawe asije akapatwa na jicho.

“Umri?” Stamelos aliuliza bila kugeuka.

“Miaka ishirini na miwili, mwanangu.”

“Ndiyo kwanza ujana huo. Na kuzaa?”

Swali lilikuwa na ukavu wake, lakini mwenye shida hachagui maswali. “Kwetu hakuna tasa. Hata mwaka ule wa ukame, kuzaa hakukukoma.”

“Na hapana mwingine anayedai?”

“Walikuja wengine. Wakatazama tu, wakaenda zao.”

“Wapumbavu,” alisema Stamelos, na kuanzia hapo Kalomira akampenda kama mwana wa kumzaa.

Anezina aliingia na sinia, kichwa chini kama alivyofundishwa. Mgeni akachukua kahawa kwa kupapasa. Msichana akachoka na haya ya kuazima. Akainua uso wote, pua na vyote, akasimama mbele yake.

“Sogea kidogo, binti,” Stamelos alimwambia. “Unanizibia mwanga.”

Kalomira akamvuta binti yake pembeni, moyo ukimruka kwa furaha. Mapenzi hupofusha, aliwahi kusikia, ila hakujua kwamba hufanya kazi haraka namna ile.

Hatimaye mgeni alikiweka kikombe chini. “Nimeridhika, mama. Harusi iwe kabla ya Kwaresima.”

Kalomira alipiga ishara ya msalaba, akalia waziwazi mbele ya watu. Hofu zote za kumwacha mwanawe peke yake duniani zilimtoka kwa machozi hayo, akamshika tajiri mikono yote miwili akaibusu. Stamelos alimwacha alie, akamgongagonga bega, kisha akachukua fimbo yake na kuuelekea mlango wa nyuma.

“Haya, mama, kabla giza halijaingia, nipelekeni nikaione mizeituni yetu.”

Mchoraji alikuwa ameshavaa kofia.