Kadi ya Ijumaa

Katibu muhtasi mpya aliingia masjala bila hodi, kadi mkononi. "Shikamoo, Babu Kalamu. Tuandikie maneno mazuri humu. Kuna mtu anastaafu Ijumaa."

"Marahaba. Weka hapo."

Babu Kalamu alisogeza mafaili, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Miaka thelathini na moja amewaandikia wenzake kadi za harusi, za uzazi, za pole, hata barua za kuwabembeleza wake walionuna, mpaka kidole chake cha kati kikaota sugu ngumu kama punje ya hindi. Siku hizi mkono wenyewe ulikuwa unakufa ganzi.

"Anaitwa nani?"

Binti akampa kikaratasi kutoka ofisi ya utumishi. Babu Kalamu alikisoma, akarudia kukisoma. Lilikuwa jina lake mwenyewe, lile kamili, ambalo hakuna aliyelitamka humo ofisini tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

"Unamfahamu?"

"Kidogo."

"Afadhali wewe. Huko juu kila ninayemuuliza anakuna kichwa tu."

Akafungua kalamu ya wino. Akaandika polepole, kila herufi na mkia wake: *Pole na kazi. Sasa pumzika.* Akapuliza wino ukauke.

Binti aliinama kutazama, akatabasamu. "Jamani, atafurahi huyo! Haya, nawe tia sahihi yako hapo pembeni, pamebaki nafasi kidogo."