Mikono Mfukoni

Fundi makochi alitoka jikoni mbio, chakula bado kimo mdomoni, akapita sebuleni bila kutazama kushoto wala kulia, akajikuta uani na kandambili moja. Ya pili ilibaki chini ya meza. Hakuirudia.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la kuchoma utosi, lakini meno yake yalikuwa yanagongana.

Alifungua bomba, akaingiza kichwa chini yake. Maji yakamshuka shingoni na kulowesha shati la kazi lililojaa vumbi la sponji. Hayakusaidia kitu. Mwili uliwaka vilevile. Damu ilikuwa imempanda kama siku ile nyingine, naye alijua inakompeleka.

"Leo fundi unaoga na nguo?" jirani aliyekuwa akianika alimtania. Kisha akamwona usoni, na tabasamu likamkauka. Aliwashika wanawe mikono, akaingia nao ndani, akafunga mlango.

Fundi akatoa simu. Vidole vyenye maji viligusa majina yasiyo yenyewe mara mbili kabla ya kumpata Breki.

Breki alikuwa fundi wa malori. Walikutana kwenye kikundi cha maombi cha wanaume, Jumatano jioni. Jina hilo alipewa na wenzake wa gereji, na mwenyewe alisema linamfaa, maana breki zake mwenyewe alichelewa kuzikanyaga, nyumba yake ikaondoka nzima.

"Nimetoka," fundi alisema. "Niko uani."

"Safi. Yeye yuko wapi?"

"Ndani. Mezani."

"Nani mwingine yupo?"

"Hakuna. Watoto wako kwa bibi yao. Ni mimi na yeye tu."

Kule gereji nyundo iligonga chuma. "Umemgusa?"

"Bado."

"Hakuna bado, ndugu yangu. Kuna ndiyo na kuna hapana."

"Hapana. Sijamgusa."

"Mikono yako iko wapi?"

Fundi aliitazama. Ilikuwa mikubwa, migumu kwa kuvuta vitambaa na kupiga misumari. "Mmoja umeshika simu."

"Na mwingine?"

"Nautia mfukoni."

"Uache humohumo. Ilianzaje?"

"Amecheka tu. Alikuwa anaongea na simu, akacheka. Kicheko chake, Breki... kikiniingia, sijitambui tena."

Ilikuwa wiki ya saba tangu alipoinua mkono kanisani, mbele ya watu wote, akilia kama mtoto. Wiki saba hizo alifundishwa kama mtu anayejifunza ufundi mpya. Usijadiliane na jaribu, lina maneno mengi kuliko wewe. Likianza kuongea, ondoka chumbani. Omba kwa sauti, masikio yako yakusikie wewe na si lenyewe. Piga simu kabla, si baada. Yote hayo aliyaandika kwenye kipande cha boksi, akakitundika juu ya cherehani, na wateja walidhani ni bei za makochi.

Sasa alikuwa ametoka, amejimwagia maji, amepiga simu. Yalibaki maombi.

"Bwana, nishike," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, si yake. "Nishike, Bwana. Nishike."

Ile sauti ya jaribu haikuondoka. Haikupiga kelele wala kutisha. Ilimsemesha pole pole, kama rafiki wa zamani. Mara moja tu. Nani atajua? Hatasema. Amewahi kusema?

Na hilo lilikuwa kweli. Hajawahi kusema. Hata kwa mama yake mzazi.

"Unarudi kula?" yule wa mezani aliita kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa laini, ya uangalifu, kila neno limewekwa mahali pake. "Chakula kinapoa."

Mguu wa fundi ukapiga hatua kuelekea mlangoni kabla hajauruhusu. Kisha wa pili.

"Breki, naenda."

"Unaenda wapi? Simama hapo hapo! Shika kitu!"

Alidaka nguzo ya kamba ya kuanikia, akaikumbatia. Kamba ikatikisika, shuka la jirani likaanguka vumbini.

"Nimeshika."

"Nakuja. Dakika kumi. Usikate simu, unanisikia? Dakika kumi tu."

Dakika kumi. Siku ile nyingine hazikufika hata tano.

"Bado umeshika?" Breki aliuliza, akihema, mlango wa gari ukibamizwa.

Fundi alikuwa ameiachia nguzo. Alivuka ua kwa hatua fupi, mguu mmoja peku, simu ikipiga kelele mkononi mwake, "Ndugu yangu! Ndugu yangu, uko wapi?" Alipofika mlangoni alisimama. Ndani kiti kilisukumwa nyuma, na nyayo nyepesi zikaja upande wake, zikakoma. Wakawa wametenganishwa na ubao tu. Alimsikia anapumua.

Jasho na maji vilimchirizika hadi machoni. Akashika kitasa. Akauvuta mlango ukafungika kabisa, akaweka mdomo karibu na ubao.

"Mke wangu," alisema, "piga komeo, na usinifungulie hata nikikuomba kwa jina la Yesu."

Komeo likaanza kusogea taratibu, kwa kukwamakwama, kama linavyosukumwa na mtu mwenye mkono mmoja mzima na mwingine kwenye plasta.