Mkono Uliotetemeka

Mkono wa chuma uliinua chupa, ukatetemeka kama mtu mwenye malaria, ukaiangusha. Vigae vikatapakaa sakafuni.

"Interview yako ndiyo hiyo, siste," Urbanus alimwambia Mutheu. Karakana hiyo ya Ruiru ilikuwa ya Urbanus. "Tuliza huo mkono, kazi ni yako. Wenzako sita wameshindwa."

"Sawa, boss."

Ilikuwa Jumatano, mwaka wa 1997, na Mutheu alikuwa na miaka miwili ya kufulia watu nguo Gitothua, cheti chake cha ufundi kikiwa chini ya godoro. Binti yake, Kalondu, aliishi kwa nyanya yake huko Gatuanyaga. Kazi ikipatikana, Jumatatu mtoto angehamia kwa mama. Alishaambiwa, na nguo zake alishazifunga.

Langoni alikuwa amepishana na Jared, waliyesoma naye Thika. "Programu ya mkono wao nimeiandika, inafanya kazi, na bado wanasema nimeshindwa," Jared alisema, macho mekundu. Maneno ya aliyeshindwa hayo, Mutheu alijiambia, akamcheka kimoyomoyo. Tumsamehe Mutheu.

Alikagua nyaya. Risasi ya kuungia nyaya ilikuwa imechomwa na watu tofauti, hapa safi, pale madonge matupu. Hakujali, maana kosa alishaliona. Chipu, ubongo wa mkono huo unaotumia umeme kiduchu, ilikuwa ikinyonya betri moja pamoja na sevo, ile mota ndogo ya ndege za kuchezea. Kila mota ilipoinua chupa, umeme ulipungua, chipu ikazimia, ikaanza kazi upya.

Akaipa mota betri nne za peke yake. Mkono ukazidi kuruka ovyo. Mutheu akatabasamu, kwa kuwa hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa. Akachukua waya hasi wa betri za mota, akauunga na waya hasi wa chipu, ili amri ya chipu ieleweke.

Mkono ukainua chupa na kuiweka chini polepole, bila kutikisika. Ukainua ya pili. Ilipofika ya ishirini, Urbanus alikuwa anapiga makofi.

"Siste, umemaliza!" Akakimbilia simu, akamwambia mteja wake aje kesho na lori, mashine iko tayari. Mutheu alisikia furaha. Alikuwa tayari anawaza kitanda cha Kalondu kitakaa upande gani.

"Pitia hapo mbele kwa Safaa," Urbanus alisema, bila kugeuka. "Ana barua yako."

Safaa, karani, alichomoa bahasha kwenye droo. Hakumtazama usoni. Mutheu aliifungua palepale.

"Tunasikitika kukujulisha kwamba ulishindwa jaribio la Jumatano," barua ilisema.

Tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa iliyopita, siku tano kabla hajaugusa mkono huo.