Koti la Hesh Lipkin

Walimzomea Hesh Lipkin kule Cleveland kwa kosa la kumwiba Hesh Lipkin.

Cheka tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hesh alizunguka miji yote akichekesha jukwaani na kichekesho kimoja tu, cha koti. Mtu kachelewa harusi. Mkono mmoja umeingia, wa pili hauoni tundu. Anautafuta nyuma, anajizungusha kama mbwa na mkia wake, anapotelea chini ya meza, anaibuka kavaa koti na kitambaa cha meza juu. Watu walikuwa wanalia, bwana. Niliona mama mmoja akibebwa kutolewa nje kwa kicheko.

Na sisi wa jukwaani kitu kimoja kilitutosha maisha, maana leo uko mji huu, kesho ule, na watu kila siku wapya.

Halafu sinema ikaja. Kampuni moja ikamwambia aje awafanyie lile koti, siku moja tu. Wakambandika masharubu makubwa, wakamwita Profesa, jina lake wasiliandike popote. Filamu ikazunguka nchi nzima kabla yake. Alipofika Cleveland na koti lake, wakampigia kelele: "Mwizi! Hilo la Profesa!" Mmoja akamtupia kitunguu.

Basi jukwaa likamfia. Akahamia California, naye akawa wa sinema, wa zile nafasi ndogo ndogo. Hesh mhudumu wa hoteli anayeleta supu. Hesh mlevi. Hesh daktari wa meno anayeng'atwa. Sura yake kila mtu aliijua, jina lake hakuna.

Akazeeka hivyo. Siku moja akasikia kampuni inatengeneza filamu kubwa, na kijana mmoja mzuri wa sura atafanya koti. Koti lenyewe! Hesh akaenda moja kwa moja kwa bosi, Bwana Dunning.

"Sitaki chochote," akamwambia. "Andikeni tu mwanzoni kwamba koti ni la Hesh Lipkin."

"Lipkin, kila mzee aliyekanyaga jukwaa anakuja hapa na chake. Juzi kaja mmoja anadai kuanguka. Eti yeye ndiye aliyeanzisha kuanguka!"

"Kuanguka mpeni huyo. Mimi nadai koti."

"Basi niletee mtu aliyekuona nalo kabla ya Profesa. Na asiwe wa jukwaani. Nyinyi mnadanganya hata mkiulizwa saa ngapi."

Hesh alikuwa na mtu mmoja tu wa hivyo, dada yake Frida, kule New York. Wazazi walishakufa zamani. Akampigia simu.

"Dada, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, Hesh. Ndiyo maana sitaki kuja."

"Ni jina langu, Frida! Unataka nizikwe kama yule mleta supu?"

Hesh akamsikia anapiga chafya, au analia, simu za siku hizo hujui. Lakini alikuja, kwa treni, na samaki wa chumvi kwenye mfuko, maana alisikia California hakuna chakula cha watu.

Studioni wakamkalisha kwenye kiti, mkoba mapajani. Bosi yupo, yule kijana yupo, mafundi wa taa na mbao wote wameacha kazi. Hesh akavaa koti. Mzee yule! Magoti yanalia, lakini mkono ulipoanza kutafuta lile tundu, alikuwa Hesh wa zamani. Fundi mmoja akakaa chini sakafuni. Kijana akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. "Mimi siwezi hivyo," akasema. "Sitaweza kamwe."

Frida peke yake hakucheka.

Bosi akajifuta machozi. "Haya mama, ukweli mtupu. Ulimwona nduguyo akifanya hivi kabla ya filamu ya Profesa?"

"Nilimwona. Alikuwa bado mdogo, jikoni kwetu."

"Umesikia, bosi?" Hesh akaruka. "Umesikia?"

"Nimesikia, Lipkin. Jina litaandikwa, tena herufi kubwa." Akampa mkono mbele ya watu wote. Halafu akamgeukia Frida akicheka bado. "Mtoto mdogo namna hiyo! Alijifunza wapi?"

"Kwa baba," Frida akasema. "Mashine ya kiwandani ilimvunja bega, mkono ukawa haurudi nyuma. Kila asubuhi anahangaika na koti lake hivyo hivyo, Hesh nyuma yake anamwiga, sisi mezani tunavunjika mbavu. Baba akigeuka anatukuta tunacheka, na yeye anacheka. Alidhani tumeamka na furaha."